Mambo ya Nyumbani: Kwa Nini Roboti za Kugeuka Zimepanda Bei

 

Tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, ambaye makazi yake sasa ni katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani. Barua yenyewe ni ndefu, basi tutaifupisha. Asema kwamba mwaka 2019 mwanawe mkubwa alipohitimu Juzuu Amma alimnunulia zawadi aliyoitaka mwenyewe, nayo ilikuwa ni kichezeo cha roboti cha jinsi ile iitwayo Transformers, ambacho ukikikunja huwa gari na ukikikunjua huwa mtu wa chuma. Bei yake ilikuwa dola 20. Mdogo wake, aliyekuwa na umri wa miaka 4 wakati ule, alilia sana, naye akaahidiwa kwamba siku atakapohitimu atapata mfano wake.

Mwaka huu kijana yule amehitimu. Baba akampa noti ya dola 20 na kumtuma dukani pamoja na kaka yake. Wakarudi mikono mitupu. Kijana akasema zatakiwa dola 7 zaidi. Siku ile nyumbani mlikuwa na wageni. Baba akaona kwamba anachezewa, akasema bei aijua yeye mwenyewe kwani ndiye aliyelipa. Kijana, kwa kutaka kujitetea, akasema kwamba hizo dola 27 si kitu, maana ziko roboti zilizotengenezwa mwaka 1984 ambazo watu wazima wenye ndevu zao huuziana kwa mamia ya dola. Hapo baba akamwita mwongo mbele ya wageni. Kijana akaondoka barazani, na tangu siku ile hajaitaja tena zawadi yake. Ndugu yetu atuuliza: je, bei hizi ni za kweli, au mtoto amejifunza hila katika nchi ya watu?

Jibu letu ni kwamba mtoto amesema kweli katika mambo yote mawili. Na kwa kuwa twajua wako wazazi wengi, huko ugenini na huku kwetu, wanaogombana na watoto wao kwa jambo hili hili, tumeona tuieleze habari hii tangu mwanzo wake.

Vichezeo hivi asili yake ni Japani. Kampuni iitwayo Takara ilianza kuuza mwaka 1980 vichezeo vilivyoitwa Diaclone, na baadaye vingine vya jina la Micro Change. Vilikuwa magari, bastola, redio za kaseti na vitu vingine vya kila siku, vyote vikigeuka roboti. Katika mwaka 1983 watu wa kampuni ya Hasbro ya Marekani waliviona wakavipenda, na mmoja katika waliosaidia kuziunganisha kampuni hizo mbili alikuwa Henry Orenstein, mtu aliyezaliwa Poland na kuokoka katika kambi za Wanazi, kisha akawa mtengenezaji wa vichezeo huko Marekani. Mwaka 1984 Hasbro ikavitoa kwa jina jipya la Transformers, pamoja na vitabu vya picha na filamu ya katuni katika televisheni. Yule lori jekundu, ambaye Wajapani walimwita Convoy, akapewa jina la Optimus Prime, na kila mtoto wa Marekani akamjua. Walipomwua katika filamu ya mwaka 1986, ili kutoa nafasi kwa vichezeo vipya, watoto walilia katika majumba ya sinema hata kampuni ikalazimika kumrudisha. Watoto wale waliolia hawakusahau. Na tunawaomba wasomaji waliweke neno hili akilini, kwa maana tutalirudia.

Sasa tutazame bei. Kichezeo cha daraja ya kawaida, iitwayo Deluxe, mwaka 2007 ilipotoka ile filamu kubwa ya kwanza kilikuwa kama dola 10. Mwaka 2019 kilikuwa dola 20, ndiyo bei aliyolipa ndugu yetu. Ilipofika mwaka 2023 kilikuwa kama dola 25. Wako wanaosema kwamba haya ni kushuka tu kwa thamani ya fedha, wala si ghali ya kweli. Maneno haya yana ukweli nusu. Dola 10 za mwaka 2007 zilikuwa na nguvu ya dola 15 hivi za mwaka 2024. Kwa hivyo katika zile dola 15 zilizoongezeka, 5 ni za fedha kupungua nguvu, na 10 zilizobaki zina sababu nyingine. Tena wakusanyaji wanalalamika kwamba vichezeo vyenyewe vimekuwa vidogo, na mikono na miguu imeachwa wazi kwa ndani ili kupunguza plastiki. Mtu akiuziwa kitu kidogo kwa bei kubwa, hiyo ni ghali juu ya ghali.

Anayetaka kuijua sababu na akishike kichezeo kimoja mkononi akitazame. Gari la kawaida la kuchezea ni vipande vinne au vitano. Hili lina makumi ya vipande: vidole, magoti, milango inayogeuka mabawa, kifua kinachofunguka, skurubu ndogo ndogo na vijiti vya chuma katika viungo. Kila kipande lazima kimiminwe katika kalibu yake ya chuma cha pua, na kalibu hizo huchongwa kwa usahihi mkubwa, kwani kipande kikizidi unene wa karatasi roboti halikunjiki, na kikipungua halisimami. Kalibu ni gharama kubwa inayolipwa kabla hata kichezeo kimoja hakijauzwa. Ukiuza vichezeo laki tano, gharama hiyo hugawanyika hata isionekane; ukiuza elfu ishirini, kila mnunuzi hubeba fungu zito. Ndiyo maana utaona roboti moja likitolewa kwa rangi nyekundu, kisha la buluu, kisha jeusi, kila moja na jina lake. Si uvivu wa wachoraji. Ni kalibu moja inayolazimishwa kurudisha fedha yake mara tatu.

Kisha vipande hivyo huunganishwa na kupakwa rangi kwa mikono ya watu. Zamani kazi hii ilifanyika Japani. Baadaye ikahamia Uchina kwa kuwa mishahara ilikuwa midogo. Mishahara ya Uchina nayo ikapanda mwaka baada ya mwaka, na hilo si jambo la kulilaumu, kwani mfanyakazi wa Uchina naye ana watoto. Kazi nyingi ikahamishiwa Vietnam. Lakini hakuna nchi iliyo rahisi milele. Na plastiki yenyewe, ile ngumu iitwayo ABS, hutokana na mafuta ya petroli na gesi. Mwezi wa Februari mwaka 2021 baridi kali isiyozoeleka ililipiga jimbo la Texas, viwanda vikubwa vya madawa ya plastiki vikasimama, na bei ya plastiki ikapanda ulimwenguni kote.

Mwaka ule ule ulikuwa na msiba mwingine, nao ndio uliowafikia watu wengi: nauli ya mizigo. Kabla ya maradhi ya korona, kontena la futi 40 kutoka Uchina hata pwani ya magharibi ya Marekani lilikuwa likisafirishwa kwa dola kama 2,000 au chini yake. Mwezi wa Septemba mwaka 2021 nauli hiyo ilifika dola 20,000. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Kontena likichukua masanduku 10,000 ya roboti, basi kwa nauli ya kwanza kila sanduku lachukua senti 20; kwa nauli ya pili lachukua dola 2 kamili. Mtu atasema: dola 2 ni nini? Lakini mwagizaji huweka faida yake juu ya gharama yote, na mwenye duka huweka yake juu ya ile, na dola ile 1 na senti 80 iliyozidi hufika mlangoni imekwisha kuzaa. Kampuni ya Hasbro yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kwamba itapandisha bei kwa sababu ya nauli na malighafi. Nauli zikashuka sana baadaye. Bei za dukani hazikushuka. Hapo tusimtetee mtu: gharama ikipanda mfanyabiashara huwa mwepesi wa kutuarifu, nayo ikishuka husahau.

Tena mwishoni mwa mwaka 2023 vyombo vilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikaacha kupita Bab al-Mandab na mfereji wa Suez, meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kutoka Asia kwenda Ulaya ikaongezeka siku 10 na zaidi. Wazee wetu wa majahazi waliujua mlango ule kwa majina ya miamba yake. Huenda wangecheka kusikia kwamba kufungwa kwake kwaweza kumkosesha mtoto wa Ulaya roboti lake siku ya Idi.

Nayo ni habari ya Marekani hasa, ambako ndugu yetu anakaa, kwamba mwaka 2025 ulikuja ushuru wa forodha. Kwa muda wa miaka 30 vichezeo vilikuwa vikiingia Marekani bila ushuru. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 ushuru juu ya bidhaa za Uchina ulifikishwa asilimia 145. Mwezi uliofuata ukapunguzwa hata asilimia 30. Na bidhaa za Vietnam zikatozwa asilimia 20 tangu mwezi wa Agosti. Ushuru huu hautozwi juu ya bei ya dukani, bali juu ya thamani ya kitu kinapoingia bandarini. Kichezeo kilichoingia kwa thamani ya dola 8, kwa mfano, kingetozwa dola 11 na senti 60 kwa ule ushuru wa kwanza, yaani zaidi ya thamani yake chenyewe. Na kwa ule wa pili, dola 2 na senti 40. Hata pale ushuru uliposhuka, wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuogopa, wakaagiza kidogo. Na kitu kikiwa haba rafuni huwa ghali.

Sasa tulirudie neno tuliloliacha, la watoto waliolia mwaka 1986. Watoto wale leo ni watu wa miaka hamsini au karibu yake. Wana mishahara, na wengi wao wanataka kukinunua kile walichonyimwa utotoni. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilionekana kwa mara ya kwanza kwamba katika Marekani watu wazima walijinunulia wao wenyewe vichezeo vingi kuliko vilivyonunuliwa kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hata 5. Hili limeigeuza biashara yote. Mtoto hutaka kichezeo kisichovunjika na kinachogeuka upesi. Mtu mzima hutaka kifanane na picha ya katuni hata kidole cha mwisho, na yuko tayari kukilipia. Takara, ambayo mwaka 2006 iliungana na kampuni ya Tomy, ina mfululizo uitwao Masterpiece kwa watu kama hao, ulioanza mwaka 2003. Optimus Prime wa mfululizo huo aliyetolewa mwaka 2019 alizidi dola 400. Mwaka huo huo Hasbro ilitangaza roboti kubwa lenye kugeuka sayari, liitwalo Unicron, urefu wake zaidi ya inchi 27, bei yake dola 575, na sharti yake ni kwamba halitatengenezwa mpaka wapatikane watu 8,000 wa kulipa mbele. Walipatikana. Mwenye kampuni akiona hivyo, je, atahangaika na noti ya dola 20 ya kijana wa miaka 11?

Hapa ndipo sisi tunaposikitika kidogo. Hatusemi kwamba mtu mzima asiwe na kitu cha kumfurahisha, madhali si israfu na hakuwanyima watu wa nyumbani kwake haki yao. Lakini rafu moja ikiwa ya baba na mwana, na muuzaji akawa anamtazama baba peke yake, mwana hubaki akichungulia dirishani.

Ama vile vya zamani alivyovitaja kijana, mambo yake ni mengine. Vile havitengenezwi tena; kila mwaka hupungua. Vingi vilichezewa, kama ilivyokusudiwa, vikapotewa na ngumi, bunduki na makombora yao madogo, ambayo ndiyo ya kwanza kumezwa na mazulia. Tena iko ila moja ya ajabu: plastiki fulani ya rangi ya dhahabu iliyotumika zamani, kwa jinsi ilivyochanganywa, huwa dhaifu kwa kadiri inavyokaa, hata kichezeo ambacho hakikupata kuguswa, kilicho katika sanduku lake, chaweza kumeguka mara ya kwanza kikikunjwa. Yule Megatron wa kwanza naye alikuwa akigeuka bastola ya mfano wa Walther P38, yenye sura ya kweli kabisa; na tangu sheria ya Marekani ya mwaka 1988 kuhusu bastola za bandia, kitu kama hicho hakiwezi kuuzwa huko bila ya alama ya rangi ya kuonya, basi yule wa asili amezidi kutafutwa. Kwa sababu kama hizi Optimus Prime wa mwaka 1984 aliye kamili na sanduku lake huuzwa kwa mamia ya dola, na aliyefungwa hata leo, asiyepata kufunguliwa, hufika maelfu. Kijana hakuongeza chumvi.

Mara nyingine kampuni huvitoa upya vile vya zamani, na hapo bei ya vikuukuu hutetereka. Jambo hili twalitaja kwa ajili ya vijana wengine, wala si huyu wa Columbus: wako wanaonunua roboti tano tano siku zinapotoka, wakazificha uvunguni, wakingoja zipande. Tumewaona wenye kukopa kwa ajili hiyo. Vya mwaka 1984 vilipanda kwa sababu hakuna aliyevificha; vya leo vimefichwa na kila mtu. Na mwenye kununua rafu nzima asubuhi, ili jioni amwuzie mtoto wa jirani kwa bei mara mbili, jina lake kwetu ni mlanguzi, hata akiwa kijana mzuri.

Huku kwetu, katika maduka ya Kariakoo na Mombasa, utaona roboti kama hizo kwa bei ndogo sana. Nyingi ni za kuiga: kalibu imenakiliwa, plastiki ni nyepesi, na goti huvunjika siku ya pili. Mwenye kuuza na aseme wazi kwamba ni za kuiga, na mnunuzi akiridhika, basi ameridhika. Kumwuzia mtu kwa jina lisilo lake ni udanganyifu, na biashara ya namna hiyo haina baraka.

Tumrudie ndugu yetu. Ile bei ya dola 25 huandikwa rafuni bila kodi ya mauzo, kama ilivyo desturi ya Marekani. Kodi hiyo huongezwa mlipaji akifika kwa karani. Kwa huko Ohio jumla inakaribia dola 27. Hata zile dola 20 za mwaka 2019 hazikuwa 20, ila kwa kuwa alilipa kwa kadi hakuitazama risiti. Hesabu ya mtoto ilikuwa sawasawa mpaka senti ya mwisho, na ya baba ndiyo iliyopungua.

Bei za vichezeo haziko mikononi mwake wala mwetu. Lililo mikononi mwake ni neno alilolitoa mbele ya wageni. Ahadi ilikuwa ya roboti mfano wa lile la kaka yake, haikuwa ya dola 20. Na tunamwomba awaite wageni wale wale, au awapigie simu ikiwa wamerudi makwao, awaambie kwamba kijana alisema kweli. Najua wako watakaosema kwamba baba hamwombi radhi mtoto. Sisi hatukufundishwa hivyo.

Kisha Jumamosi waende dukani pamoja, baba na vijana wake wawili, baba asome bei rafuni kwa macho yake mwenyewe. Wasinunue siku ya kwanza ya toleo, kwani baada ya miezi michache maduka mengi hupunguza bei za yale yaliyobaki. Lakini kijana huyu amekwisha kungoja miaka 7, basi kwake yeye tunasema anunuliwe Jumamosi hii hii, kwa bei yoyote iliyoandikwa. Na ndugu yetu akipata nafasi atuandikie kijana alichagua lipi, gari au lori.